Masalia ya Mama Damiana

“Na ndani atakaa nani?”

Hivyo ndivyo alivyouliza fundi wa dhahabu hapo zamani, katika mji wa Merdoni, juu ya maporomoko ya Mto Nili, zama zile Wanubi walipokuwa Wakristo na makanisa yao ya matofali yakiwa yamepakwa picha za malaika kutoka sakafuni hadi darini. Aliuliza akiwa amepiga magoti mbele ya Mfalme Basilio, kamba ya kupimia mkononi. Mfalme hakumjibu, wala mawaziri hawakumjibu, maana mfalme alikuwa amekwisha kutaja urefu na upana wa sanduku alilolitaka, na mkubwa akishataja urefu na upana huona yaliyobaki ni kazi ya wengine. Basi fundi akainamisha kichwa, akaenda zake kufua dhahabu.

Na sababu ya sanduku hilo ilikuwa wivu. Mfalme jirani, mzee Yoeli wa Nyanda za Kusini, alikuwa na kidole cha mtakatifu mmoja, akakiweka katika kikasha cha fedha kisichozidi kiganja cha mkono, na watu wakatoka mbali kuja kukibusu. Mfalme Basilio alipokiona kikasha kile aliumwa na tumbo siku tisa. Siku ya kumi akaamuru sanduku lake liwe la dhahabu tupu, urefu dhiraa tatu, upana dhiraa moja na nusu, lenye malaika kila pembe na vito vyekundu kama macho ya mtu aliyelia. Dhahabu ya ghala haikutosha. Ikawa askari wanapita nyumba kwa nyumba wakichukua misalaba ya shingoni, vikombe vya makanisa ya vijijini, vifuniko vya vitabu vya Injili. Walichukua hata vile vichupa vya udongo ambavyo mahujaji huletea mafuta ya taa za watakatifu. Vya udongo baadaye walivirudisha, vimevunjika.

Najua wapo watakaoniambia mfalme alifanya yote hayo kwa kumcha Mungu. Nawasikia. Wakae nayo hoja yao, wasiiangushe, tutaihitaji.

Basi sanduku likaisha, likang'aa, na ndani yake hamkuwa na kitu. Na hapo ndipo ilipozuka shida, maana wafalme hao wawili walikuwa wakigombania kisiwa cha malisho kilicho katikati ya mto kwa miaka kumi na mmoja, na mzee Yoeli, aliyechoka kugombana, alileta habari kwamba atakiacha kisiwa kwa Basilio, ila sharti waape Sikukuu ya Msalaba, kila mmoja juu ya masalia ya mtakatifu wake. Yoeli alikuwa na kidole. Basilio alikuwa na hewa iliyozungukwa na dhahabu.

Sasa, neno hili masalia lina nyumba mbili. Kanisani, masalia ni kile kilichobaki cha mwili wa mtu wa Mungu, mfupa, jino au unywele, nacho hutiwa ubani na kupigiwa magoti. Jikoni, masalia ni kile alichosaza mlaji, nacho hupigiwa foleni. Na katika jiko la mfalme alikuwapo mwanamke mmoja, Tekla binti Damiana, msugua vyungu, ambaye mali yake yote ilikuwa nguo moja na ulimi. Ulimi huo alizoea kuutumia kwa kujicheka mwenyewe, akisema kwamba kazi hiyo akiwaachia wengine wataifanya vibaya.

Hata siku moja akaingia jikoni Bwana Eustatio, msimamizi wa kanisa la mfalme, mtu aliyetembea kama amebeba yai kichwani, akanena kwa sauti kuu, “Enyi watu wa jikoni! Mfalme auliza, ni nani miongoni mwenu ajuaye yalipo masalia ya mtakatifu?”

Tekla alikuwa ameingiza kichwa ndani ya chungu cha nyama, akisugua masizi ya chini. Akajibu kutoka humo humo, na chungu kikaikuza sauti yake. “Masalia? Bwana, umefika! Mama yangu Damiana alikuwa mtakatifu, nami sikulelewa kwa kingine ila masalia yake. Alikuwa akimega mkate, yeye anakula kipande cha kumtosha kuku, unaobaki anatupa mimi na wapita njia. Unavyoniona hivi, bwana, nimejengwa kwa masalia matupu, ndiyo maana nimepinda!”

Wapishi wakacheka. Eustatio hakucheka.

“Umesema mtakatifu?”

“Aliishi na mimi miaka ishirini asinivunjie mwiko kichwani. Kama huyo si mtakatifu, basi kalenda yenu ina watu wa bure.”

“Na wapita njia aliwalisha?”

“Wakoma, wajane, hata askari wa mfalme, ambao hushiba polepole kuliko wakoma.”

“Naye yuko wapi?”

Tekla akatoa kichwa chunguni. Akaona uso wa yule bwana, akaona wapishi wameacha kucheka, akajibu kwa sauti ndogo, “Amezikwa nje ya lango la kaskazini. Kwenye jiwe jeupe.”

“Inuka,” akasema Eustatio. “Twende kwa mfalme.”

Ikawa akapelekwa na masizi yake hadi penye kiti cha enzi. Mfalme akasikiliza habari zote za Damiana, mkate wake na wakoma wake, naye alipokuwa akisikiliza macho yake yalikuwa yakilitazama sanduku, akipima.

“Mifupa mizima,” akasema. “Yoeli ana kidole kimoja. Mimi nitakuwa na mtakatifu kuanzia utosi hadi kisigino.”

Hapo ndipo Tekla alipofahamu alichokisema, akaanguka kifudifudi. “Ufalme wako udumu, bwana wangu! Nilidhani mnauliza chakula! Mimi ni mpumbavu, muulize yeyote jikoni, hata wasioulizwa watakujibu.”

“Vema,” akasema mfalme. “Mpumbavu hashuhudii uongo, hana akili ya kuutunga.”

“Mama yangu alitwanga na kubeba maji miaka hamsini, bwana. Neno lake la mwisho aliniambia, ‘Tekla, sasa niache nilale.’ Hakuomba kingine duniani. Msimwamshe.”

“Atalala katika dhahabu. Sheria yetu yasema kaburi la mtu hufunguliwa na mkono wa mwanawe, ili marehemu asishtushwe na mgeni. Basi utamtoa wewe. Una siku tatu. Siku ya sikukuu nikute masalia ya mama yako sandukuni, umeyatia kwa mkono wako mwenyewe. Na usipoyatia, askari watafukua kwa majembe, na laana yake ataibeba Eustatio.”

Lile yai la kichwani mwa Eustatio likaonekana kuyumba.

Nasema kweli, ningalikuwa mimi pale ningalisimama nikatoa hotuba. Ningaligawa hoja zangu mafungu sita, nikaanza na haki ya maiti, nikarudi nyuma kufafanua haki ni nini, na majembe yangalifika kwenye jiwe jeupe mimi nikiwa bado kwenye fungu la pili, nimenyoosha kidole. Tekla hakutoa hotuba. Alisema, “Nimesikia, bwana wangu,” akatoka, akaenda kulia nyuma ya ghala la kuni mpaka akaishiwa na machozi. Kisha akaenda kanisani kumtafuta Aba Kiriako.

Aba ndivyo walivyowaita makasisi wao. Na huyu Aba Kiriako alikuwa mzee mwoga, aliyemzika Damiana kwa mikono yake na kula mkate wake mara nyingi kuliko mkoma yeyote. Alikuwa akijaza mafuta katika taa. Alipomwona Tekla akaficha uso.

“Mwanangu, usinitazame. Mimi ndiye niliyeiandika amri ya mfalme. Nilitetemeka, lakini niliandika.”

“Mwandiko ulitetemeka?”

“Kidogo.”

“Basi nisomee, Aba. Mimi na herufi hatujawahi kusalimiana.”

Akaitoa ngozi iliyoandikwa, akasoma. “‘Masalia ya Damiana, mama wa Tekla, yatatiwa sandukuni na Tekla mwenyewe, nyuma ya pazia, bila jicho la mwingine ila kasisi. Yatafunikwa kwa hariri. Kila mtu, hata mfalme, atayapigia magoti. Atakayeyanyoshea mkono kwa ubaya atakatwa mkono. Na kiapo kitakachoapwa juu yake hakitatenguliwa.’”

“Imeandikwa mifupa?”

“La. Imeandikwa masalia.”

“Imeandikwa kaburi?”

Aba akapitisha kidole mstari kwa mstari. “Kaburi halikutajwa.”

“Na masalia ni nini, Aba? Usinijibu kwa Kiyunani.”

“Ni kile kilichosalia hapa duniani, mwanangu, mtu mtakatifu akishaondoka.”

Tekla akajitazama mikono yenye masizi, akajitazama miguu, akalitazama sanduku lililokuwa pale mbele ya madhabahu, akalipima kwa macho kama mfalme alivyolipima. Kisha akacheka, na Aba Kiriako akaogopa zaidi kuliko kama Tekla angalilia.

“Aba, siku ya sikukuu watakapokuuliza, utaweza kusema, ‘Masalia ya Damiana yamo sandukuni’?”

“Siwezi kusema uongo kanisani!”

“Nani kataja uongo?” akasema Tekla, akamnong'oneza.

Yule mzee akakaa chini juu ya ngazi ya madhabahu. “Watatukata vichwa,” akasema.

“Kwa changu hawatapata faida. Ni chako ndicho kina kitu ndani.”

“Mwanangu, ungalikuwa umekiona kwa ndani usingesema hivyo,” akasema Aba Kiriako. Lakini akalikumbuka lile jiwe jeupe, akaacha kubisha.

Ikawa Sikukuu ya Msalaba. Mzee Yoeli akafika asubuhi juu ya punda, kikasha chake cha fedha kimefungwa kiunoni kwa kitambaa kama mtu aliyefunga chakula cha njiani. Kanisa likajaa hata watu wakasimama madirishani. Nyuma ya pazia, Tekla akaingia sandukuni, akajikunja, magoti yakafika kidevuni. Aba Kiriako akamfunika kwa hariri, akashusha kifuniko, akaacha nafasi ya kidole kimoja ili masalia yapate kupumua.

Wakaja wabebaji wanane kulichukua sanduku hadi mbele ya watu. Wakainua, wakaguna, wakaliweka chini tena.

“Aba,” akalalamika mmoja, “mtakatifu gani huyu? Mifupa ya shangazi yangu niliibeba peke yangu!”

“Utakatifu una uzito wake,” akasema Aba Kiriako, jasho likimtiririka hadi ndevuni.

Basi wakaliweka mbele ya wafalme wawili. Mfalme Basilio akasimama, akauliza kwa sauti ya watu kusikia, “Ewe kasisi, masalia ya Damiana yamo sandukuni?”

“Yamo, bwana wangu.”

“Yote?”

“Yote yaliyosalia.”

Basi mfalme akapiga magoti, na kanisa zima likapiga magoti pamoja naye. Mzee Yoeli akaapa juu ya kidole chake kwamba kisiwa anakiacha. Mfalme Basilio naye akaweka kiganja juu ya dhahabu, akaapa kwamba hatauvuka mto kwa vita, na kwamba kiapo hicho kiwe imara kama masalia hayo yalivyo ya kweli. Kisha akatoa ishara, na shemasi akaja na chetezo, akalizunguka sanduku mara tatu akilifukizia ubani, naye alikuwa shemasi mwenye bidii, akausukuma moshi hata ukaingia kwenye ule upenyo wa kidole kimoja.

Sanduku likapiga chafya.

Watu wakaanguka. Mwanamke mmoja akapiga kelele, “Muujiza!” na mwingine akamjibu, “Muujiza wenye mafua!” Bwana Eustatio akakimbilia nyuma ya nguzo. Mzee Yoeli peke yake alibaki palepale, akakitazama kikasha chake cha fedha, akasema kwa huzuni, “Miaka thelathini ninacho, hakijapata kupiga hata mwayo.”

“Fungueni!” akaamuru Mfalme Basilio.

Wakafungua. Hariri ikainuka, na chini ya hariri akatokea Tekla msugua vyungu, nywele zimesimama, macho yanatoka machozi ya moshi. Akajifuta pua.

“Mwanamke,” akasema mfalme, na sauti yake ilikuwa ndogo kwa hasira, “mifupa i wapi?”

“Ipo hapa yote, bwana wangu. Imefunikwa ngozi kidogo tu, maana jikoni kwako hatushibi sana.”

“Nilikuamuru masalia ya mama yako!”

“Nami nimetii. Mama yangu alipoondoka duniani alisaza chungu, ufagio na mimi. Chungu kikavunjika, nao ufagio ukaliwa na mchwa. Nikatafuta siku tatu, bwana wangu, nisione kingine kilichosalia cha mama isipokuwa huyu unayemwona. Najua ni masalia mabaya. Alikula kilicho bora, akabakiza makombo. Lakini nimeyatia kwa mkono wangu mwenyewe, kama ulivyoamuru, na mguu ndio uliokuwa kazi kuingia.”

Mtu mmoja madirishani akaanza kucheka, akajiziba mdomo. Mfalme akageuka kijivu. “Askari! Mtoeni huyu, akapigwe fimbo. Na ninyi wengine chukueni majembe, nendeni lango la kaskazini!”

Askari wakapiga hatua. Aba Kiriako, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatiza mtu kauli, akainua ile ngozi ya amri mbele ya uso wake kama ngao. “Atakayeyanyoshea mkono kwa ubaya,” akasoma, na safari hii sauti ndiyo iliyotetemeka, “atakatwa mkono. Mwandiko ni wangu, ila muhuri ni wa bwana wangu.”

Askari wakatazama mikono yao. Wakarudi nyuma.

“Haya si masalia!” akapiga kelele mfalme.

Hapo mzee Yoeli akakohoa. “Ndugu yangu Basilio,” akasema kwa upole, “tuelewane kabla sijapanda punda wangu. Umeapa mbele yangu kwamba kiapo chako kiwe imara kama masalia haya yalivyo ya kweli. Kama si ya kweli, basi hukuapa kitu, nami nakichukua kisiwa changu, na ng'ombe wangu watavuka leo hii. Kama ni ya kweli, kisiwa ni chako, na huyu bibi ni mtakatifu wa kanisa lako. Chagua. Mimi nitakubali lolote, nimekwisha kuzeeka.”

Mfalme Basilio akamtazama Tekla. Akatazama nje, upande wa mto. Akamtazama Tekla tena, naye Tekla akajaribu kukaa kitakatifu, akashindwa, maana alikuwa anazuia chafya ya pili.

“Ni,” akasema mfalme, akaisawazisha taji kichwani. “Ni masalia.”

“Ya nani, bwana wangu?” akauliza Tekla. “Ili waandishi wasikosee.”

“Ya Damiana.”

“Yote?”

“Yote!”

“Basi nje ya lango la kaskazini hamna masalia ya kufukuliwa, leo wala milele.”

Mfalme akatafuta neno la kumjibu. Kila neno alilolishika lilikuwa lake mwenyewe, na kila moja lilimwelekezea kidole. Na wale niliowaambia waishike hoja yao ya kumcha Mungu, sasa wanaweza kuiweka chini. Mchaji gani huyu aliyemkuta mtakatifu wa kweli amelala kwa amani, akaona kinachokosekana ni vipimo?

Lakini niuseme ukweli wake pia, maana mimi mwenyewe nikishindwa hoja hununa wiki nzima na kusema waamuzi walikuwa wamelala. Mfalme Basilio hakununa. Alisimama pale, mikono imelegea, akayatazama magoti yake yaliyojaa vumbi la sakafu. “Nimempigia magoti msugua vyungu wangu,” akasema polepole, kama mtu anayejisimulia habari za mtu mwingine. “Mimi, na jeshi langu, na maaskofu wawili. Tumemfukizia ubani.” Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Eustatio akadhani analia, akachungulia kutoka nyuma ya nguzo, kumbe anacheka. Akacheka hata taji ikamwinamia sikioni. Kanisa zima likacheka, na shemasi akasahau chetezo, kikamchoma kidole.

“Aba Kiriako, andika,” akasema mfalme alipopata pumzi. “Jiwe jeupe lisiguswe. Misalaba iliyochukuliwa majumbani irudishwe. Sanduku hili livunjwe, dhahabu yake irudi shingoni mwa watu. Na yanayobaki mezani kwangu yapelekwe langoni kila siku, yagawiwe kwa jina la Damiana.”

“Niyaiteje, bwana wangu?” akauliza Aba, kalamu mkononi.

“Unajua yanavyoitwa!”

Kisha mfalme akalisogelea sanduku, akainama. “Na wewe, bibi, umenifundisha mbele ya watu wote. Omba utakalo, liwe nyumba, liwe shamba, nami nitakupa sasa hivi. Useme.”

Tekla akafikiri. Akajaribu kunyosha goti, likakataa.

“Nipe mkono, bwana wangu,” akasema. “Mguu umekufa ganzi, siwezi kutoka.”